Kiraka Kilichotaka Kumpita Waziri

Siyo zamani na wala siyo kale. Ni mwaka huu huu tunaoumalizia, katika nchi moja ambayo siitaji jina kwa sababu nina mama na mama ananipenda. Nchi nzuri tu. Ina mlima, ina bendera, ina Mfumo.

Mfumo ndiyo kila kitu. Kabla yake, maji ya mji yalifunguliwa na mtu. Anakuja na spana, anazungusha koki kuu, maji yanatoka, anaondoka zake. Viongozi wakaona hii ni aibu, nchi huru inazungushwa na spana! Wakanunua programu kubwa kutoka ng'ambo, ikaja na vitabu vya maelezo ambavyo mpaka leo viko kwenye nailoni yake, na tangu siku hiyo koki kuu ya kila mji inafunguliwa na kufungwa na kompyuta moja tu, iko makao makuu, ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye baridi kuliko ofisi ya Waziri.

Sasa programu ya kununua ni kama suruali ya mtumba. Nzuri, lakini ilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Inabana huku, inapwaya kule. Na mkataba unasema huruhusiwi kuifumua. Kwa hiyo mafundi wa ghorofa ya tatu wakawa wanatia viraka. Kiraka ni faili dogo tu, lina maneno machache: hapa palipoandikwa hivi, sasa paandikwe vile. Kila asubuhi saa kumi na mbili Mfumo unaanza upya, unaitandaza suruali, unashona viraka kimoja kimoja kwa kufuata namba iliyo mwanzoni mwa jina la faili. Inaanza 001, inafuata 002, mpaka mwisho. Kompyuta haiulizi wewe mtoto wa nani. Inaangalia namba.

Ukutani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: "Andika namba, kisha koki ya wapi, kisha kinarekebisha nini." Basi. Sentensi moja. Miaka sita iliendesha maji ya nchi nzima.

Halafu Waziri wa Maji akapanda ngazi.

Alikuja kuona kiyoyozi, kusema kweli. Lakini akaona skrini, akaona orodha ya viraka, akauliza, "Hivi vya nani?"

"Vya mafundi, Mheshimiwa."

"Na changu kiko wapi?"

Jamani. Watu tisa wakaangalia viatu vyao. Wiki haijaisha, Waziri akawa na kiraka. Kazi yake: kabla Mfumo haujagusa koki yoyote, useme kwanza, "Kwa niaba ya Wizara na kwa niaba yangu binafsi, naikaribisha siku." Unamwambia nani? Unajiambia wenyewe, chumbani, kwenye baridi. Lakini unasema.

Mwezi uliofuata Naibu Waziri akataka chake. Makamu wa Rais akasikia. Majaji wakaandika barua. Ikawa vita: nani namba ngapi? Ndipo serikali, kwa busara zake, ikaunda Kurugenzi ya Itifaki ya Majina ya Viraka. Wafanyakazi arobaini na moja. Mafundi, nakukumbusha, ni tisa.

Mkurugenzi akawa Bwana Lutengano. Huyu bwana miaka ishirini alikuwa mshereheshaji wa shughuli za kitaifa. Kompyuta alikuwa hajawahi kuigusa, ila ana uwezo wa kutaja wageni waalikwa sitini na nne kwa pumzi moja bila kukosea mke wa nani. Baada ya semina ya siku tano pale hoteli ya ziwani, alisimama na kutoa msimamo wa nchi.

"Ndugu washiriki," alisema, "nimetafakari kwa kina. Orodha hii inasomwa kutoka juu kwenda chini. Je, ni kitu gani kingine katika taifa letu husomwa kutoka juu kwenda chini? Ni salamu! Mheshimiwa Rais, Mheshimiwa Makamu wa Rais, Mheshimiwa Spika, Waheshimiwa Mawaziri, mpaka mabibi na mabwana. Kwa hiyo orodha ya viraka ni salamu. Na salamu ina utaratibu wake. Naomba kuwasilisha."

Walipiga makofi dakika nzima. Kiraka cha Rais kikawa 001. Ndani yake hakuna kitu, kitupu kabisa, lakini jina lake refu linapendeza. Waziri akawa 004. Viraka vyote vya mafundi, vile vinavyofanya kazi, vikapelekwa chini kuanzia 200, kwenye mafungu ya mabibi na mabwana.

Majina nayo yakanenepa. Jina la faili lazima libebe vyeo vyote vya mwenye kiraka. La Waziri lilifika herufi mia mbili hamsini na tano, na kompyuta hapo ndipo inapokomea, haikubali hata moja zaidi. Wiki hiyo hiyo chuo kimoja kikampa udaktari wa heshima. Kurugenzi ilikaa siku mbili ikijadili kipi kitolewe ili "Daktari" aingie. Wakatoa neno "maji".

Na kanuni ya mwisho, hii naipenda peke yake: ni marufuku jina la kiraka kutaja kilichoharibika. Ukiandika "rekebisha" maana yake kuna kibovu. Kuna kibovu? Nani kasema? Andika jina, tukufahamu.

*

Sasa kuna mji unaitwa Kigogota. Kule tangi la maji lina kipimo, na kipimo kikafa. Lakini kilikufa vibaya: kilikufa kikisema "limejaa". Mfumo ukisikia tangi limejaa, unafunga koki. Tangi tupu, kipimo kinasema limejaa, koki imefungwa. Kipimo kipya kimeagizwa, kiko njiani, na njia ni ndefu.

Ghorofa ya tatu alikuwepo fundi msichana anaitwa Sikudhani. Kwao ni Kigogota hukohuko. Dada yake, Mwajabu, yuko kule, mjamzito wa miezi tisa kasoro siku chache, na siku ya tatu bila maji akampigia simu.

"Sikudhani, hivi nyie huko mnafunga maji kwa sababu gani? Tumewakosea nini?"

"Siyo sisi, dada, ni kipimo."

"Mi sijui kipimo. Nimetoka zahanati sasa hivi. Mkunga kaniambia siku ya kujifungua nije na ndoo tano za maji. Tano! Bila maji hanipokei, anasema mwezi huu wameshapoteza mama mmoja kwa uchafu, yeye hataki wa pili. Mume wangu kazunguka mpaka bwawa la ng'ombe, karudi na ndoo moja ya matope."

"Una siku ngapi?"

"Kumi. Mungu akipenda."

Sikudhani akakata simu, akakaa kwenye kiti, akaandika kiraka. Mstari mmoja: kwa Kigogota, usisikilize kipimo, fungua koki kwa kufuata saa. Alitumia dakika saba, na tatu kati ya hizo alikuwa anapiga chafya kwa sababu ya baridi.

Akakijaribu. Kikakataa.

Kwa nini? Kwa sababu mstari unaofunga koki ndiyo mstari uleule ambao kiraka 004 kimeshonea salamu ya Waziri. Kiraka chake, kikija nyuma ya cha Waziri, hakipaoni tena mahali pa kushonwa, pameshafunikwa na "naikaribisha siku". Ni lazima kitangulie. Kikishonwa kabla ya cha Waziri, kinakaa. Kikishonwa baada yake, kinadondoka.

Jirani yake wa meza, Evarist, akachungulia. Evarist ni fundi wa koki za mashariki, mtu wa maneno mengi.

"Kwa hiyo unataka namba ngapi?"

"Yoyote. Ilimradi iwe kabla ya nne."

Evarist alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, una kichaa. Wewe mwenzangu na mimi, mabibi na mabwana, umpite Waziri? Bora umuombe akuachie gari."

*

Siku ya kwanza aliomba kwa fomu. Fomu ikarudi: jina la kiraka, "koki-ya-kigogota-isijifunge", linadokeza kuwa koki inajifunga.

Siku ya pili akaandika "kuendeleza-mafanikio-ya-koki-ya-kigogota". Jina likapita! Wakampa namba 219.

Siku ya tatu akapanda kumwona Mkurugenzi Lutengano. Katibu muhtasi akamwambia bosi yuko kwenye mazoezi. Mazoezi ya nini? Ya salamu, kuna balozi mpya. Alimsubiri saa nne, anamsikia kupitia mlangoni, "Mheshimiwa Rais, Mheshimiwa Makamu," anakosea, anaanza upya.

Siku ya nne ndiyo alionana naye.

"Karibu binti. Nimesoma dokezo lako. Zuri sana. Lina shida moja tu, linamdharau Waziri."

"Hapana, Mkurugenzi, shikamoo. Ni faili tu. Siyo mimi ninayempita. Ni faili linalolipita faili."

"Marahaba. Faili lina jina?"

"Lina jina."

"Jina ni la nani?"

"La kwangu, lakini..."

"Basi ni wewe." Akavua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli, siyo mtu mbaya, Bwana Lutengano, wote wanasema. "Binti yangu, mwaka ule kule uwanjani nilimtaja Mkuu wa Mkoa kabla ya Jaji. Sekunde moja tu. Unajua nilikaa miaka mingapi bila kupewa kipaza sauti? Miaka minne. Na wewe unataka nimtangulize mtu wa 219?"

"Mkurugenzi, kuna watu hawana maji. Dada yangu anajifungua wiki ijayo."

"Hongera sana! Mfikishie salamu zangu." Akasimama kumpa mkono. "Unaona? Hata hapo, salamu kwanza."

Siku ya tano na ya sita ilikuwa wikiendi. Mfumo haupumziki wikiendi, kuwafungia watu maji unawafungia kama kawaida, ila Kurugenzi inapumzika.

Siku ya saba Mwajabu akapiga. Hakupiga kelele safari hii, na hiyo ndiyo ilimtisha Sikudhani.

"Mdogo wangu, tumbo limeshuka."

"Umepata ndoo ngapi?"

"Mbili. Na hiyo moja nimeitegesha itulie, matope yashuke chini."

"Ngoja, dada. Ngoja kidogo."

"Nimwambie nani angoje? Mimi au huyu wa ndani?"

*

Siku ya nane aliitwa kwenye Kikao Maalumu cha Rufaa. Waziri mwenyewe yupo. Majaji wapo. Naibu yupo, na naibu wa Naibu. Meza ndefu, na chupa za maji safu tatu, kila mjumbe na ya kwake mbele, hakuna aliyefungua hata moja. Sikudhani alizihesabu, macho yakamuuma. Thelathini na sita.

Alikuwa ameandaa hotuba. Alikuwa ameandaa picha ya suruali. Alikuwa tayari kulia, kama kulia kungesaidia. Lakini kabla hajafungua mdomo, Bwana Lutengano akagonga kipaza sauti.

"Waheshimiwa, kabla ya yote, kama ilivyo ada, naomba tusimame kwa ajili ya dua."

Wote wakasimama. Waziri naye akasimama, akavua kofia, akafumba macho. Jaji akafumba. Mkurugenzi akafumba. Hajatajwa hata Mheshimiwa Rais! Hakuna aliyesalimiwa bado, hakuna aliyetambulishwa, na hakuna aliyekasirika. Dua imetangulia, wakubwa wote wamesimama nyuma yake kama watoto wa shule.

Sikudhani alifumbua jicho moja. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Wakasema amina.

"Haya, mleta rufaa, una nini?"

"Waheshimiwa," alisema, "naondoa rufaa yangu. Naomba radhi kwa usumbufu. Ila nimesikitika kuona orodha yetu ya viraka, salamu ya taifa zima, inaanza hivihivi. Inamtaja Rais bila hata dua. Naomba kupendekeza kiraka namba sifuri-sifuri-sifuri: dua ya kuiombea siku."

Bwana Lutengano alikuwa ameshika kifua. Miezi kumi na nne ya kazi, na hakuliona! Alitoa kitambaa akajifuta.

"Tumekuwa tukimsalimu Rais bila dua," alinong'ona. "Kila asubuhi."

"Nani anaukataa mpango huu?" Waziri akauliza, akizungusha macho mezani. Sasa wewe, ungenyoosha mkono? Upinge dua? Mbele ya majaji?

Kikapita dakika hiyo hiyo. Na ndani ya kile kiraka, chini ya maneno mazuri ya dua, kulikuwa na mstari mmoja wa Kigogota. Hakuna aliyeusoma. Nani anakagua dua? Dua inafumbiwa macho.

*

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Mfumo ukaamka, ukaitandaza suruali, ukaanza na sifuri. Saa kumi na mbili na robo simu ya Sikudhani ikaita. Akayasikia kwanza kabla ya sauti ya dada yake: maji. Yanapiga kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye bati, watu wanapiga kelele mtaa mzima.

"Sikudhani! Yametoka! Yametoka machafu, sasa hivi yanakuwa meupe! Nakwenda zahanati, usikate, ah, kata, kata!"

Saa nne mtoto akazaliwa. Wa kike, kilo tatu na nusu. Mkunga alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mara mbili, na maji yakabaki. Pale ghorofa ya tatu Evarist alipanda juu ya kiti akatangaza, na mafundi tisa walipiga makofi kuliko yale ya semina.

Ningeishia hapa. Ningekuwa nasimulia nchi nyingine ningeishia hapa.

Saa sita mchana Bwana Lutengano aliingia na tabasamu, akasogea kwenye kompyuta, akamwambia fundi wa zamu, "Ile dua, itoe sasa."

Sikudhani akaruka. "Itoke kwa nini?"

"Imeshasomwa, binti. Dua husomwa, watu huitikia amina, huisha. Haikai." Akapunguza sauti kwa heshima. "Ikibaki kwenye orodha maana yake bado inasomwa. Na kama bado inasomwa, Rais bado amesimama. Unataka Rais asimame mchana kutwa?"

Asubuhi iliyofuata, Kigogota, kimya. Koki imejifunga.

Akaomba tena. Bwana Lutengano akakubali kwa furaha: bila shaka, siku mpya ina dua mpya! Ajaze fomu, apate muhuri, aje mwenyewe saa kumi na mbili kasorobo aweke kidole kwenye mashine, maana dua haitumwi kwa barua. Maji yakatoka. Saa sita, dua ikatolewa. Kesho yake tena. Na keshokutwa tena.

Evarist naye akajaribu bahati, koki yake moja ya mashariki ilikuwa na ugonjwa uleule. Akaleta kiraka cha "dakika moja ya ukimya". Kurugenzi ikamwuliza, "Nani kafa?" Akajibu, "Bado." Kikakataliwa.

Sikudhani akapandishwa cheo. Ana kiti chake kwenye kikao, kina kitambaa cheupe, na kibao kimeandikwa "Mwenye Dua". Gazeti la serikali lilimpiga picha. Habari ilisema maji ya Kigogota yanatoka kwa maombi, na kwa kuwa maombi yanatosha, kile kipimo kipya kilichokuwa njiani kimerudishwa.

Mwezi wa pili aliomba likizo. Siku tatu tu, akamwone mtoto.

"Na dua?" Bwana Lutengano aliuliza.

"Evarist ataiweka. Ni kubonyeza tu."

"Evarist ni mabibi na mabwana." Alitikisa kichwa taratibu. "Na dua haina kaimu, binti. Nani atamwombea Rais asubuhi?"

Mwezi wa tano aliomba siku moja. Mwezi wa saba aliomba nusu. Majibu yana muhuri mzuri sana, wa bluu.

Juzi, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, Sikudhani alikuwa kwenye korido, fomu mkononi, anasubiri mlango ufunguliwe. Mwajabu akapiga.

"Mdogo wangu, huyu mtoto ana meno mawili. Anakaa mwenyewe. Kila mwanamke anayeingia anamdhani ni mama mdogo, maana hamjui wa kwake. Njoo basi. Hata siku moja."

"Nikija, dada, siku hiyo mji mzima hamna maji."

Nyuma ya Mwajabu mtoto alisikika ndani ya beseni, maji yaliyobaki ya jana, anayapiga kwa viganja, pwa, pwa, pwa, anacheka peke yake.

"Basi usije," Mwajabu akasema.